Siku Nne za Mtihani

Mke wangu alisema maneno mawili tu, tena kwa sauti ileile anayoniulizia kama chumvi imekolea. Tulikuwa watu watano katika chumba kidogo cha ghorofani, Majengo, juu ya duka la nafaka. Chini wapagazi walikuwa wakishusha magunia ya mahindi yaliyotoka Kibaigwa, na kila gunia lilipotua sakafu yetu ilitikisika kidogo. Nakumbuka lilitua moja, halafu la pili.

“Nilikuwa najua,” alisema Edina.

Ili mnielewe ni kwa nini maneno hayo yaliniangusha, itabidi nianze na hadithi niliyokuwa nikiitembeza Dodoma nzima kwa miaka kumi na minne.

Mimi naitwa Bartolomayo. Nilikuwa bwana mifugo mpaka nilipostaafu, nyumba yangu iko Zuzu, na kanisani kwetu mimi na Edina tulikuwa wasimamizi wa ndoa wa kutegemewa. Vijana wakitaka kuoana walituomba tuwasimamie siku ya harusi, na baada ya harusi, mambo yakienda kombo, walitugongea mlango sisi kabla ya kuwagongea wazazi wao. Tulisimamia ndoa ishirini na tatu. Nilikuwa nazihesabu, nisiseme uongo, kama mfugaji anavyohesabu ng'ombe wake wakirudi zizini jioni. Watu walisema nyumbani kwa Bartolomayo hakujawahi kusikika kelele, nami nilikuwa wa kwanza kulirudia jambo hilo kila nilipopewa nafasi.

Kwenye semina za wachumba niliitwa kusema neno, na neno langu lilikuwa lilelile. Niliwaambia hivi. Edina alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi chuoni kutafuta digrii. Wiki ya mtihani wake wa mwisho, Jumatatu alfajiri, mama yake mzazi akafariki huko kwao Kilimatinde. Shemeji yangu Daudi alinipigia mimi. Sasa kwetu habari ya msiba haimwagwi tu kama maji ya vyombo. Mfiwa huambiwa mgonjwa amezidiwa, akasafirishwa, akaandaliwa taratibu, mpaka aone mwenyewe turubai uani na watu wamekaa chini. Mimi nilikwenda mbali zaidi ya hapo. Nilimficha siku nne nzima. Nilimwomba simu yake, nikasema isije ikamvuruga akili wakati wa mtihani, nikaiweka mfukoni mwangu. Jumatano niliaga kwamba nakwenda kuchanja ng'ombe upande wa Bahi, kumbe nimepanda basi la Manyoni. Nikamzika mama mkwe wangu, nikatupia udongo mara mbili, moja yangu na nyingine ya Edina, nikarudi jioni nikala ugali kama kawaida. Alhamisi alipomaliza karatasi ya mwisho nikamsafirisha. Tuliposhuka Manyoni ndipo nikamwambia, akalia nikiwa nimemshika mabega. Na mtihani akafaulu, na leo mnamwona ni ofisa elimu.

“Ng'ombe ukitaka kumchoma sindano,” nilimalizia kila mara, “unamziba jicho kwanza. Humchukii. Unampenda.”

Hapo ukumbi ulicheka, halafu akina mama wakafuta machozi, halafu mchungaji akasema tumpigie mzee makofi. Edina, aliyekuwa amekaa pembeni yangu kwa kitenge cha sare, alicheka na kupiga makofi pamoja nao. Sikumbuki hata mara moja niliyogeuka kumtazama wakati nikiisimulia. Nilikuwa natazama ukumbi.

Ndoa ya ishirini na mbili ilikuwa ya Cornel na Anjelina. Cornel alikuwa karani wa masjala kwa mkataba katika ofisi moja mjini, Anjelina ni muuguzi. Vijana wazuri, wacheshi, wanaobishana mpira mpaka majirani wanaingilia. Mwezi wa sita mkataba wa Cornel ulikwisha na haukuongezwa. Hakumwambia mkewe. Kila asubuhi aliamka, akanyoosha shati, akavaa kitambulisho shingoni, akaaga, akatoka. Miezi mitatu. Siku moja alisahau simu kitandani, Anjelina akaona ampelekee ofisini akielekea zamu ya mchana. Mlinzi getini akamtazama kwa huruma. “Cornel? Dada, huyo tulishamuaga tangu mwezi wa sita.” Anjelina alikwenda zamu yake, akahudumia wagonjwa mpaka jioni, na alipotoka hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa dada yake Chang'ombe.

Walikuja kwetu, kama kawaida, na kama kawaida mimi nilizungumza saa mbili. Nilipomaliza Anjelina alisema asante baba, kwa adabu kabisa, halafu akasema safari hii wametafuta mshauri wa mahusiano, msomi wa kazi hiyo, ana ofisi yake Majengo. Waliomba twende nao kwa kuwa ndio tuliowasimamia. Niliumia. Mtu anasimamia ndoa ishirini na tatu, halafu anaambiwa ametafutwa mtaalamu. Nilikwenda hivyo hivyo, nikiwa nimenuna.

Mshauri mwenyewe aliitwa Mwamvua, binti wa miaka kama thelathini, amejifunga mtandio wa buluu, viatu vyake vimepangwa mlangoni. Ofisi ilikuwa na viti vya plastiki vya rangi tofauti, jagi la maji na dirisha linalotazama mabati ya sokoni. Alituamkia, tukakaa. Nikaona nimpime.

“Mwanangu, wewe umeolewa?”

“Ningekujibu, baba,” akasema akitabasamu, “lakini leo hatujakuja kwa ajili yangu.”

Edina alikohoa kidogo. Baadaye sana nilikuja kutambua kwamba alikuwa anazuia kicheko.

Mwamvua alikuwa na sharti moja. Pale kwake hakuna mtu anayemjibu mwenzake kabla hajasema kwanza alichokisikia, na mwenzake akubali kwamba ndicho alichokisema. Niliona mchezo wa watoto. Anjelina akaanza. Alisema kilichomuuma si kazi kupotea. Kazi hupotea. Kilichomuuma ni kwamba kila jioni alikuwa akimuuliza mumewe habari za ofisini, naye akimpa habari, na majina ya watu, na nani kagombana na nani, yote ya kutunga. “Nimeishi miezi mitatu na mtu ambaye hayupo,” alisema.

“Umesikia nini, Cornel?” Mwamvua akauliza.

“Nimesikia amekasirika.”

“Sijasema hivyo,” Anjelina akasema.

Cornel alijaribu mara ya pili, mara ya tatu. Jasho lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. Mwisho alirusha mikono. “Mimi nilifanya nilivyofundishwa! Mzee huyu hapa alisimama mbele yetu, akasema mwanamume anabeba. Alimficha mama msiba wa mama yake mzazi siku nne, na mama anamshukuru mpaka leo. Mimi nimebeba. Kila siku nakaa stendi kwenye benchi na kitambulisho changu, nabeba. Sasa kosa langu liko wapi?”

Niseme ukweli, maana ndio ninaojifunza kuusema. Kwa kitambo kidogo nilijisikia fahari. Kijana amenisikiliza. Nikajiweka sawa kitini, tayari kumwelewesha binti wa watu namna jambo lilivyokuwa.

Mwamvua hakunitazama. Alimtazama Edina. “Mama, hizo siku nne zilikuwaje kwako?”

“Sisi tulikuwa...” nikaanza.

“Baba, samahani. Nimemuuliza mama.”

Miaka kumi na minne, semina sijui ngapi, watu mamia, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali hilo. Na mimi, niliyepaswa kuliuliza kuliko wote, sikuwahi. Edina aliangalia mikono yake iliyolala mapajani. Gunia likatua chini. Ndipo akayasema yale maneno mawili.

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, kicheko kikavu, kwa sababu nilidhani hajalielewa swali. “Ulikuwa unajua nini, Mama Paulina?” Paulina ni binti yetu wa pekee, na tangu azaliwe ndivyo tunavyoitana.

“Jumatatu nilipotoka kwenye mtihani nilipita hapa Majengo kununua mboga,” akasema, na hakuwa anaongea nami, alikuwa anamjibu Mwamvua. “Kuna mama wa kwetu Kilimatinde alikuwa anauza karanga, Mama Priska. Aliponiona akaacha kupima, akanishika mikono yote miwili. Akaniambia, pole mwanangu, mimi naondoka kesho, tunazika Jumatano saa nane. Nikamwambia asante. Nikanunua nyanya. Sikumbuki nilizinunuaje, lakini nilifika nazo nyumbani.”

Anjelina aliziba mdomo kwa kiganja.

“Nilimkuta Baba Paulina amekaa, akaniuliza mtihani ulikuwaje. Nikasema moyoni, ataniambia akimaliza kula. Akala, akashukuru, akawasha redio. Nikasema, ataniambia asubuhi. Asubuhi akaniombea mtihani, akanisindikiza mpaka barabarani.”

“Kwa nini hukumwambia kwamba unajua?” Mwamvua akauliza taratibu.

“Siku ya kwanza nilimhurumia. Nilimwona alivyojikaza, nikasema nisimwaibishe. Neno lenyewe nilitaka litoke kwake. Angelitoa, ningemwambia naacha mtihani, nakwenda kumzika mama. Siku ya pili nilikuwa nataka kujua ninaishi na nani.”

Sijui kama mmewahi kumwona mtu aliyepigwa teke na ng'ombe. Haanguki papo hapo. Anasimama kwanza, anashangaa, anajipapasa kutafuta mahali alipopigwa. Mimi nilikuwa hivyo kwenye kile kiti cha plastiki. Nilitaka kumwambia anyamaze, watoto hawa wanasikia. Nilitaka kumwambia aendelee.

“Jumatano karatasi ilikuwa ya mchana,” Edina akaendelea. “Saa nane kamili tukaambiwa tufungue. Swali la kwanza nililijibu huku najua jeneza linatolewa ndani. Nilipofika swali la nne nikajua wameshamfunika.” Akamgeukia Anjelina. “Nililijibu vizuri, mwanangu. Ndilo lililonipa maksi nyingi kuliko yote.”

“Mama, jamani,” Anjelina akasema, na machozi yakamshuka.

“Jioni akarudi, anasema ametoka kuchanja ng'ombe. Viatu vina udongo mwekundu. Nimezaliwa pale, udongo ule ninaujua. Asubuhi nikavipangusa, maana ndivyo ambavyo angevaa kunisafirisha, na sikutaka ndugu zangu wamwone mchafu.”

Hapo nilipata sauti, ingawa haikuwa yangu. “Lakini Manyoni ulilia. Mimi ndiye niliyekushika.”

“Nililia kwa sababu ulikuwa umejiandaa kunishika,” akasema, na sasa alinitazama. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. “Kilio changu nilikuwa nimeshakilia tangu Jumatatu, chooni, nimefungulia bomba ili usisikie. Na lile la ng'ombe, kila unapolisema watu wanacheka, na mimi nacheka. Mimi si ng'ombe, Baba Paulina. Na jicho langu lilikuwa wazi.”

Kilichonijia kichwani hakikuwa kaburi wala mtihani. Kilikuwa ile Jumatano jioni. Nilikuwa nimerudi nimechoka, moyo umejaa, na ili asinishtukie nilifungulia redio kwenye vichekesho, nikacheka kwa nguvu. Edina naye akacheka. Nilijipongeza usiku ule, nikasema hajajua kitu. Sasa nikauona mchezo wote. Watu wawili waliofiwa na mtu mmoja walikaa chumba kimoja wakicheka redio, kila mmoja anamchezea mwenzake. Nilishikwa na aibu ambayo sikuwahi kuijua, aibu ya kutaka kuvua ngozi.

“Baba,” Mwamvua akasema, “umesikia nini?”

“Nimesikia, lakini naomba ieleweke kwamba nia yangu ilikuwa...”

“Sijakuuliza nia, baba. Umesikia nini?”

“Nimesikia kwamba mama hakupendezwa na...”

“Sikusema hivyo,” Edina akasema.

Mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, nikarudishwa nyuma mara mbili kama mtoto wa darasa la kwanza, mbele ya vijana niliowasimamia. Ningeweza kuinuka nikatoka. Mlango ulikuwa wazi, viatu vyangu nilikuwa naviona. Nikabaki, sijui kwa nguvu za nani.

“Nimesikia kwamba ulijua tangu Jumatatu,” nikasema. Kila neno nililivuta kama ndoo kutoka kisimani. “Nimesikia kwamba ulinisubiri. Ulisubiri nimalize kula. Ulisubiri asubuhi. Nimesikia kwamba ulimlilia mama yako peke yako, siku nne, ndani ya nyumba ambayo na mimi nilikuwemo.”

Edina aliitikia kwa kichwa mara moja. “Ndiyo,” akasema. “Ndivyo nilivyosema.”

Mabega yake yalishuka. Nimeishi naye miaka ishirini na mitatu na sikujua kwamba alikuwa ameyapandisha. Cornel, ambaye tulikuwa tumemsahau, alisogeza kiti chake bila kuambiwa mpaka karibu na mkewe. “Wewe ulikuwa unaniuliza habari za ofisini,” akamwambia, “na mimi nilikuwa nakutungia watu. Ulikuwa unaongea na hewa. Ndicho ulichosema?” Anjelina akasema ndicho. Wiki ile alirudi nyumbani kwake. Bado wanabishana mpira.

Sisi wawili tulirudi Zuzu na bajaji, kila mmoja anatazama upande wake. Lakini Jumanne iliyofuata Edina alivaa, akabeba mkoba, akasema anakwenda kwa Mwamvua, na kama nataka nifuate. Nikafuata. Tukawa tunakwenda kila Jumanne saa nane. Nilidhani nitasikia mengine makubwa, kumbe mengi yalikuwa madogo, na ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Kwamba hapendi tangawizi kwenye chai, nami nimekuwa nikimwekea tangu harusi. Kwamba usimamizi wa ndoa haukuwa wito wake. Nilikuwa nimekubali kwa niaba yake, nikamjulisha sare ilipofika kwa fundi. Katibu wa kanisa aliponipigia kuniomba neno la semina ya mwezi wa kumi, nilimjibu kwamba kwa sasa sina neno. Akadhani naumwa.

Mara ya nne, Mwamvua alituuliza kama kuna jambo lililobaki ambalo mmoja wetu amelishikilia. Edina akasema la kwake limekwisha. Mimi nikasema hakuna.

Lilikuwepo. Nilikuwa nalo tangu mwaka ule, na kila nilipoisimulia hadithi yangu niliianza Jumatatu alfajiri, na sababu ya kuianzia hapo tuliijua mimi na Daudi peke yetu. Daudi hakunipigia Jumatatu kwanza. Alinipigia Jumamosi jioni. Mama mkwe wangu alikuwa hai. Alikuwa amezidiwa lakini akili iko sawa, na alikuwa anamwita Edina. “Anamtaja kila baada ya muda kidogo, shemeji,” Daudi alisema. “Mlete hata kesho.” Basi la Jumapili lilikuwepo. Nikamwambia Daudi mtihani unaanza Jumatatu, mama asubiri mpaka Alhamisi, Mungu ni mwema. Mama hakusubiri. Baadaye mimi na Daudi tulikubaliana kwamba alilala tu usingizini, hakusema lolote. Ndivyo Edina alivyoambiwa, na ndivyo alivyomwambia Paulina.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Edina alikuwa uani anaanika mlenda kwenye mkeka, anautandaza kwa vidole ili ukauke sawasawa. Nilimletea chai isiyo na tangawizi, nikakaa kwenye kigoda. Tulikuwa tumeanza kuzungumza, mambo ya kawaida, kama watu wanaofahamiana upya. Akaniomba nimsimulie mazishi. Hakuwa amewahi kuniomba, na mimi kwenye semina zangu zote nilikuwa nayapa sentensi moja. Nikamsimulia. Waliobeba jeneza, nyimbo walizoimba, upepo uliokuwa unapeperusha kurasa za mchungaji mpaka Daudi akamshikia kitabu. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya mlenda.

“Hakuniulizia?” akasema. “Daudi anasema alilala tu. Mimi huwa najiuliza, mtu na mama yake, hata jina?”

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limeshaiva, laini, tayari mdomoni. Alilala tu, Mama Paulina. Lingemponya siku ile na siku zote zilizobaki. Nani angelijua? Nilimtazama usoni, na nikaona kwamba amenyamaza vilevile alivyonyamaza kule juu ya duka la nafaka. Alikuwa ananisubiri.

Nikamwambia. Nilianza Jumamosi jioni, nikataja saa, nikataja maneno ya Daudi kama alivyoyasema, nikataja basi la Jumapili. Sikuongeza nia yangu.

Edina hakupiga kelele. Rangi ilimtoka usoni mpaka midomo ikawa kama majivu. Nilidhani ataanguka, nikanyoosha mkono, akausogeza pembeni kwa kiwiko. Aliendelea kuutandaza mlenda mpaka mkeka ukajaa, polepole, jani kwa jani, kisha akajipangusa vidole kwenye kanga. “Hili sikulijua,” akasema. Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na begi, na mchana ule alipanda basi la Manyoni bila kunitazama.

Siku kumi na moja. Sijawahi kufikiria kwamba nyumba inaweza kuwa na kimya cha aina ile. Niliogopa, sina aibu ya kulisema. Niliogopa kwamba sitamwona tena ndani ya milango hii, na kwamba safari hii hakuna mtu wa kumlaumu isipokuwa mimi. Jumanne ya kwanza nilikwenda kwa Mwamvua peke yangu. Nikamwambia kila kitu. Nikamuuliza kama nilikosea kusema. Akaniuliza, “Ungemjibu nini kingine ambacho kingekuwa kwa ajili yake, si kwa ajili yako?” Tukakaa tu, tukisikiliza magunia. Paulina alinipigia kutoka chuoni analia, akasema mama kamweleza, baba umefanya nini, na nilimjibu kwamba nimefanya hivyo hivyo alivyoelezwa.

Siku ya kumi na moja, Jumatano mchana, simu yangu ililia. Alikuwa yeye.

“Nina swali moja,” akasema, bila salamu. “Kwa nini ulisema asubiri?”

Nilikuwa nimepata siku kumi na moja za kulitafuta jibu la swali hilo, na kila jibu zuri nililolipata nilikuwa nimelitupa. “Niliogopa ungefeli,” nikasema. “Nilikuwa nimejisifu kila mahali kwamba mke wangu anachukua digrii. Wenzangu kazini walikuwa wananicheka, wanasema nimemwachia mke asome, nitaona. Niliogopa watacheka zaidi.”

“Kwa hiyo haikuwa kwa ajili yangu.”

“Haikuwa.”

Nilisikia pumzi yake. Upande wa pili mtu alikuwa anatwanga, na jogoo akawika mchana kweupe. Nilitamani kuujaza ule ukimya, kuomba msamaha kwa mara ya mia, kutaja nia, kutaja Mungu. Nikauacha.

“Jumanne saa nane nitakuwa kwa Mwamvua,” akasema mwishowe.

“Nije?”

“Mimi sisemi uje wala usije. Amua mwenyewe, halafu uniambie.”

“Nakuja,” nikasema. Halafu nikamuuliza, kama kijana anayeposa, “Na wewe, unataka nije?”

Anayetwanga aliacha kutwanga.

“Sijui bado,” akasema Edina. “Njoo, nitakuambia.”